Fundi Fofofo Hakuwahi Kulala

Baba,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta namna ya kuanza hivyo, nimeshindwa. Basi nianze na hali yangu mimi. Nina ugonjwa wako.

Usishtuke. Naambiwa tumeuwahi. Neno hilo ndilo lililonifanya nichukue daftari leo, kwa sababu nilipolisikia sikufurahi, nilikasirika. Mimi ugonjwa wangu umewahiwa kwa ajili ya jino moja lililopasuka. Wewe ulikuwa na watu wengi wa kukuwahi. Ulikuwa na mke, na mtoto, na mama yako aliye hai mpaka leo, na kanisa zima, na soko zima la Manyatta, na daktari aliyekuandikia tembe za presha na kukuuliza kila mara kwa nini hazifanyi kazi. Sote tulikusikia. Hakuna aliyekusikiliza.

Nianze na kosa langu, kwa maana sitaki kuwashika wengine mashati kabla sijajishika mwenyewe.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha, "Mtu Ninayempenda Nyumbani", akasema hataki sentensi kavu, anataka tashbihi na tanakali za sauti. Nikakuandika wewe. Niliandika kwamba baba yangu akilala hulala fofofo. Kwamba hukoroma kama trekta inayopanda mlima na shehena ya majani chai, mabati yakaitikia, mbwa wa jirani wakajibu. Kisha nikaandika sentensi hii, ambayo ningali naikumbuka neno kwa neno: "Ghafla trekta huzimika, nyumba yote hunyamaza kusubiri, na tunapodhani safari imefika mwisho, yeye hushtuka kwa kishindo kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani, akaanza kupanda mlima upya." Mwalimu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Hongera! Taswira nzuri." Nilipata thelathini na sita kwa arobaini.

Haikuwa taswira, Baba. Ilikuwa dalili. Niliiona vizuri kuliko mtu yeyote, nikaipanga vizuri, nikaipamba, nikaipeleka kwa mwalimu ili nipate alama.

Insha ilisomwa mbele ya darasa, na darasa la nane wakaitwa waje wasikie. Kufikia Jumamosi neno lilikuwa limefika sokoni kabla yangu. Mama mmoja wa mboga aliyekuletea kaptula ya kurefusha alikukuta umelaza shavu juu ya kitambaa, cherehani imenyamaza, akaita wenzake: "Njooni mwone! Fundi Fofofo yuko kazini!" Tangu siku hiyo hukuwa na jina jingine pale. Hata watu waliokuja kuuliza njia ya kufika kwenye mazishi yako waliuliza kwa Fundi Fofofo.

Wewe hukunigombeza. Uliniambia nikusomee insha tukila, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni mwako, na ulicheka hadi ukajipangusa machozi nayo. "Mama, umenimaliza," ukasema. Uliniita Mama tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, kama binti wa kwanza apewavyo kwetu. Naye mama yako huyo, Cucu Wawira, alikuwa ameketi palepale, akaongeza kwa furaha kwamba si ajabu, wewe ulipewa jina la baba yake mume wake, mzee aliyekoroma mpaka mbuzi wakatoka zizini. Ulipoanza kukoroma ukiwa mtoto, watu walimpongeza Cucu. Mzee amerudi nyumbani, walisema.

Ndivyo tulivyo. Mtoto akirithi jina, tunamtafutia na tabia, tukiipata tunashangilia. Mzee huyo naye alikutwa asubuhi amefia kitandani. Cucu amesimulia mambo hayo mawili maisha yangu yote, kukoroma na kifo hicho, na hakuna siku aliyoyasimulia pamoja.

Nataka ujue kwamba sasa najua ulivyohangaika. Najua kuhusu sindano iliyopita kwenye kidole chako cha shahada, ukasema mkono uliteleza. Haukuteleza. Ulikuwa umesinzia na mguu wako ukaendelea kukanyaga. Najua pia kuhusu muguka. Mzee wa kanisa kutafuna muguka, tena nyuma ya kibanda, majani yamefichwa ndani ya kopo la vifungo! Walipokugundua walikuita mbele ya wazee wenzako. Walisema kumbe ndiyo maana unasinzia wakati wa mahubiri, kwa sababu usiku kucha muguka unakunyima usingizi. Walikuvua uzee wa kanisa. Hawakuuliza kipi kilitangulia. Ulianza kusinzia miaka mingi kabla hujatafuna jani lolote, na ulitafuna ili uweze kukaa macho, umalize sare za watoto wao.

Siku ile ulirudi nyumbani ukaupiga pasi kwanza ule mkanda wa uzee, ukaukunja, kisha ukamtuma Mama aurudishe. Ulisema jambo moja tu: "Mimi si mvivu. Sijui nina nini, lakini si mvivu." Nilikuwa mlangoni. Nilikusikia.

Na gunzi! Mama alipochoka kukupiga viwiko na kukuambia geuka, wewe mwenyewe ulikata mfuko mdogo, ukaushona mgongoni mwa fulana yako ya kulalia, ukatia gunzi la mahindi ndani, ili ukilala chali likuchome, ugeuke ubavu. Tulikucheka sana. Nilikuuliza ukilala utazaa mahindi mangapi. Nitakuambia mbele daktari alisema nini kuhusu gunzi hilo. Naomba univumilie, nafika.

Ile asubuhi ya Alhamisi ilikuwa likizo ya Aprili. Mama alikuwa amehamia chumbani kwangu tangu Krismasi, kwa sababu alihitaji usingizi wa kumwezesha kuamka akame ng'ombe. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mama alisogea karibu na mlango wako akasikiliza, akanigeukia na kidole mdomoni. "Mwache alale," alinong'ona. "Leo hata hakoromi."

Nikatembea kwa ncha za vidole. Nikakuwekea chai kwenye thamosi. Nikamfukuza kuku aliyekuwa akitaga kwa kelele chini ya dirisha lako. Akaja mama mmoja kuchukua sketi ya mwanawe, tukamwambia angoje kidogo, leo fundi amepata usingizi, naye akasema, "Kwani siku nyingine huwa hapati?" Tukacheka sote watatu, kwa sauti ya chini, ili tusikuamshe.

Kwenye cheti chako cha kifo hospitali waliandika moyo.

Kwenye mazishi, mhubiri aliyekuvua mkanda alisimama chini ya turubai akasema, "Ndugu yetu hajafa. Amelala." Nyuma yangu mtu alikohoa ili kuficha kicheko. Tangu siku hiyo sivumilii neno hilo. Walikuita mlalaji ulipokuwa hai na hukuwa unalala, na ulipokufa wakasema umelala. Nilitaka kusimama niseme kwamba baba yangu hajawahi kulala hata siku moja, lakini sikuwa nimejua bado kwamba ni kweli. Nilikuwa na hasira tu, na hasira bila sababu ya kuisimamia haifiki mbali.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Unakumbuka nilivyoitwa shule ya huku Kaaga, ukanishonea sketi mbili zenye pindo nene ili zikue nami. Zimekua, pindo moja bado lipo. Niko kidato cha tatu. Bwenini tuko wasichana ishirini na wanne, na tangu muhula wa kwanza jina langu ni Jenereta. "Jenereta, leo umewasha mapema!" "Jenereta, mafuta hayakuishii tu?" Kitanda changu kimesogezwa mara tatu, sasa kiko karibu na mlango wa bafu. Walinirekodi kwa simu ya matroni, wakanichezea sauti hiyo siku yangu ya kuzaliwa. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimejifunza kwako jinsi ya kucheka.

Darasani nilianza kusinzia. Hesabu za asubuhi nilizisoma nimesimama nyuma ya darasa, kwa amri ya mwalimu. Niliamka kila siku na kichwa kinachogonga na koo kavu kama nimemeza unga. Nilidhani ni huzuni. Kila mtu aliniambia ni huzuni, na mimi nikaona ni vyema iwe hivyo, maana ilinifanya nijione mwaminifu kwako.

Kisha jino la nyuma likapasuka nikila githeri. Matroni alinipeleka kwa daktari wa meno mjini. Ni mwanamke, Daktari Kendi, ana sauti ya chini na mikono baridi. Alitazama jino, kisha akaanza kutazama mambo mengine. Aliniambia nitoe ulimi, akaugeuza huku na huku. Akanitazama uso kwa ubavu kama wewe ulivyokuwa ukitazama bega la koti.

"Unasaga meno ukilala?"

"Sijui, Daktari."

"Unalala vizuri?"

"Ndiyo."

"Chumbani uko na nani?"

"Wasichana ishirini na watatu."

"Na wao je, wanalala?"

Matroni akaangua kicheko. "Hawa? Daktari, huyu ni jenereta! Hata sisi wa nyumba ya pili tunapata umeme wake!"

Daktari Kendi hakucheka. Alivua glavu zake, akavuta kiti, akaketi. Baba, katika maisha yangu yote huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiambiwa habari za kukoroma asicheke. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Aliniuliza maswali, na kila swali lilikuwa kama anasoma insha yangu. Je, sauti hukatika kisha ikarudi kwa kishindo? Je, naamka nikitafuta hewa? Naumwa na kichwa asubuhi? Nasinzia nikiwa nimeketi? Kisha akauliza, "Na nyumbani, kuna mwingine?"

"Baba yangu."

"Mwambie aje nimwone."

Matroni aliacha kucheka, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba umefariki. Mimi nilitazama ile taa ya juu ya kiti mpaka ikawa mbili.

Alinieleza polepole. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengi hilo si kitu. Lakini mwenye taya la chini lililorudi nyuma, na nafasi ndogo ya ulimi, ulimi wake huangukia koo ukaziba njia. Alisema ni kama mrija wa karatasi uliolowa. Ukivuta, unagandamana, na kadiri unavyovuta zaidi ndivyo unavyozidi kugandamana. Pumzi inakatika. Mwili unashtuka, unaamka kidogo tu, mtu mwenyewe asijue, unavuta hewa, unarudi kulala. Kisha tena, na tena, hadi kunakucha. Kwa Kiingereza ugonjwa huu unaitwa sleep apnea. Kukoroma kwenyewe si lazima kuwe ugonjwa, alisema, wako wakoromaji wengi wazima. Jambo la kuogopa ni ule ukimya wa katikati. Usiposhughulikiwa kwa miaka, hupandisha presha na kuuchosha moyo.

"Kwa hiyo mtu huyo halali," nikasema.

"Hulala chini," akasema, "lakini kulala hasa, hapana."

Nilimwambia kuhusu gunzi. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Nilidhani angalau hapo atacheka. Aliniuliza kama wewe ulikuwa daktari. Nikasema fundi wa nguo. Akasema kulala ubavu husaidia watu wengi wenye ugonjwa huu, na wako watu wanaouziwa mikanda iliyobuniwa kwa kazi hiyohiyo. "Baba yako alikuwa ameshika njia sahihi, peke yake, bila mtu wa kumwambia anaenda wapi." Hapo ndipo nilipolia, Baba. Kwenye mazishi sikulia hivyo.

Nilimuuliza swali ambalo ungependa nimuulize. Alisema, "Sikumwona, Wawira. Sitakudanganya kwamba ndicho kilichomuua, na sitakudanganya kwamba sicho." Namheshimu kwa jibu hilo, ingawa nimelichukia tangu siku hiyo.

Alisema yeye peke yake hawezi kuuthibitisha ugonjwa. Ningeenda kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, kisha nilale nimefungwa kifaa cha kupima pumzi kidoleni na kifuani. Ukithibitika, na usipokuwa mkali wa kuhitaji mashine ya kupuliza hewa kupitia kinyago, yeye angenitengenezea kifaa cha mdomoni, visahani viwili vya meno ya juu na ya chini, kinacholivuta taya mbele ili njia ibaki wazi. Lakini mimi bado ni mtoto kisheria. Mzazi lazima akubali. Na kabla ya yote alitaka mtu anayenipenda aketi, anisikilize nikilala, ahesabu mara pumzi inapokatika. "Usingoje umalize shule," akasema. "Hili halisubiri."

Nilikuja nyumbani likizo fupi nikiwa na barua yake. Mama aliisoma amesimama. Kisha akaikunja ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikawa kama kipande cha sabuni.

"Msichana hakoromi," akasema. "Unataka wakutangaze? Hujui watu wa hapa?"

Nikamwambia ni ugonjwa.

"Kukoroma si ugonjwa, ni uchovu. Ungekuwa ugonjwa, si ningejua? Nililala naye miaka kumi na nane!"

Maneno hayo yalipomtoka aliyasikia mwenyewe. Alitoka nje. Aliosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilimwelewa, Baba, na bado nilimkasirikia. Kunikubalia ugonjwa wangu kulikuwa kukubali wako. Na akikubali wako, ule usiku wote aliokupiga viwiko, na kule kuhamia chumbani kwangu, na kidole chake mdomoni, vingemrudia vikiwa na jina jingine. Alikuwa akinikataza nisitibiwe ili yeye apate kuishi. Niliwaza hivyo, na niliwaza pia kwamba nitakufa kama wewe kwa sababu hiyo, kitandani, watu wakitembea polepole nje.

Kesho yake alinituma sokoni. Kibanda chako sasa kinauza laini za simu. Yule mama wa mboga aliyekupa jina alinitambua. "Si wewe ni wa Fundi Fofofo?"

Nikasema, "Baba alikuwa mgonjwa. Hakuwa analala. Pumzi ilikuwa ikikatika usiku kucha, ndiyo maana mchana alisinzia."

Alinitazama kwa huruma, akanifungia sukuma wiki. "Pole, mwanangu," akasema. Kisha akashindwa kujizuia: "Lakini alikuwa analala, jamani! Alilala hata akinipima kiuno!" Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Hilo ndilo linalouma, hawana ubaya hata kidogo, na walikuja wote kwenye mazishi na sukari.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Mama aliingia na sinia ya maharagwe ya kuchambua na bakuli tupu. Akafungua chumba chako. Tangu ufe alikuwa analala kwa Cucu, ng'ambo ya ua, na mlango huo ulifunguliwa kwa kufagiwa tu.

"Lala," akaniambia.

"Saa hizi?"

"Umesema asikilize mtu. Lala."

Nikalala kitandani pako. Yeye aliketi kwenye kigoda, sinia mapajani. Sikudhani ningeweza, lakini mtu mwenye ugonjwa huu hana shida ya kusinzia. Kitu cha mwisho nilichosikia ni maharagwe yakikwaruza sinia.

Nilipoamka mvua ilikuwa imenyesha na kuisha. Maharagwe hayakuwa yamechambuliwa. Ndani ya bakuli yalikuwemo machache, yamewekwa moja moja. Kila pumzi yangu ilipokatika aliweka moja. Yalikuwa thelathini na moja.

"Nilipofika la kumi nilitaka kukuamsha," akasema. "Nikaogopa nikikuamsha nitasema tena ni uchovu." Alitikisa bakuli kidogo. "Baba yako angejaza debe."

Tulicheka. Nakuapia tulicheka, ilituponyoka tu. Kisha akainamisha uso juu ya sinia, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake akasema, "Ile asubuhi nilimshukuru Mungu, Wawira. Niliposikia kimya, nilishukuru." Niliteremka, nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikaanza kuchambua maharagwe. Baada ya muda naye akaanza.

Jumatatu alitia sahihi.

Daktari wa koo hakuona kosa kwenye tezi zangu. Kile kifaa cha kupima kilisema ugonjwa upo, ni wa kadiri, haujafika pabaya. Daktari Kendi alichukua chapa ya meno yangu kwa ute wa waridi unaoganda haraka, akalipima taya langu, akaandika, akapima tena. Nilimwambia fundi mzuri hupima mara mbili akakata mara moja. Akaniambia yeye hupima mara tatu, na bado hurekebisha. Kweli, amekirekebisha mara mbili tayari. Huniita kila mwezi kwa sababu mifupa yangu bado inakua. Kinauma kidogo asubuhi, na mate hunijaa mdomoni kama mtoto anayeota meno. Hakipendezi. Wasichana wa bwenini walikiona wakaniuliza kama naenda kupigana ndondi.

Usiku wa kwanza nilikivaa nyumbani, likizo iliyofuata. Mama alihama kutoka kwa Cucu, akalala chumba kimoja nami ili asikilize, kama alivyoagizwa. Alichoka akasinzia, nadhani. Nililala. Baba, sijui nikuelezeje. Sikuota kile kisima cha insha yangu. Sikuota kitu. Nilishuka mahali ambapo sijawahi kufika.

Jua lilipotoka niliamshwa kwa kutikiswa. Mama alikuwa amenishika mabega mawili, kilemba kimemwanguka, anapiga kelele, "Wawira! Wawira! Wawira!" Cucu alikuwa amefika mlangoni na fimbo yake. Mama alikuwa ameamka akakuta chumba kiko kimya.

Nilimkasirikia kwanza. Kisha nikauona uso wake. Nikatoa kile kifaa mdomoni, mate yakanimwagika kidevuni, nikasema, "Niko, Mama. Nimelala tu."

Amefanya hivyo asubuhi tatu. Ya nne alisimama tu kitandani pangu, akaweka kiganja chake karibu na pua yangu, akaenda kukama. Sikumwambia kwamba nilikuwa macho.

Hiyo ndiyo hali yetu, Baba. Sijawasamehe watu bado, na sijioni nikiwasamehe upesi. Nimemwandikia mwalimu wangu wa darasa la saba, bila lawama, nikamwomba kwamba mtoto mwingine akiandika sentensi kama ile, ampe alama zake kisha aulize ni nani huyo, na yuko wapi, na je, amewahi kwenda kwa daktari. Hajajibu.

Nakuahidi nitakivaa kila usiku, bwenini pia, wacheke wasicheke. Nakuahidi kwamba mtu akisinzia mbele yangu, awe mwalimu, awe mlinzi, awe mama wa mboga mwenyewe, nitamuuliza kwanza analalaje. Na nikijaliwa alama, nataka kusomea kazi ya Daktari Kendi. Si kwa ajili yako tu, nisikudanganye. Napenda jinsi anavyopima.

Sitakuambia ulale salama. Neno hilo wamelitumia kwako vya kutosha. Kwaheri, Baba. Kule uliko natumaini unavuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, na hakuna anayekuambia geuka.

Binti yako,
Wawira